Chaja Inayokubali Ukiikunja: Hotuba kwa Makarani na Makatibu wa Vyama vya Msingi, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho mliotoka Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyamba, majirani zetu wa Lindi mliopitia Mingoyo kuja kuungana nasi, makarani, makatibu, walinzi wa maghala: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Itifaki imezingatiwa, kama wanavyosema wakubwa, ingawa naona mwenyekiti ananikazia macho kwa sababu sijamtaja mgeni rasmi. Mgeni rasmi, shikamoo. Nimesharekebisha.

Nimepangwa kati ya mada ya unyevu wa korosho na mada ya stakabadhi za ghala, na nimeonywa nisile muda wa chai. Mada yangu ni waya wa chaja ya laptopu. Najua wapo waliosoma ratiba wakacheka. Fundi wa kompyuta ameletwa kuwafundisha watu wazima kuchomeka chaja!

Hapa kwetu tuna maneno mengi sana kuhusu umeme. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Tumeisubiri, tumeigombea, tumeliona bomba likipita kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam. Mkimpa nafasi mtu yeyote humu ndani atawaeleza saa nzima habari za mitambo, njia kuu na kukatika kwa umeme. Lakini ile mita moja na nusu ya mwisho, kutoka soketi ya ukutani hadi kwenye kompyuta iliyo mezani kwa karani, haina msemaji. Na humo ndimo mkono wa mtu unamogusana na umeme kila siku.

Zamani karani wa chama alikuwa na daftari na kalamu. Siku hizi orodha ya wakulima iko kwenye laptopu, malipo yako kwenye laptopu, na mnada wenyewe unaendeshwa kwa mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Msimu ukifunguka Oktoba, kompyuta ile haizimwi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Chaja nayo haichomolewi.

Sasa naomba mnyooshe mikono. Nani ana chaja ambayo haikubali mpaka uikunje kidogo, au uilalie kitabu, au uishike hivi kwa kidole?

Asanteni. Dada yule amenyoosha mikono miwili.

Hiyo ndiyo chaja iliyonileta hapa. Chaja iliyokatika kabisa hainiogopeshi. Imekufa, haifanyi kazi, mwenyewe ataitupa. Inayoniogopesha ni ile inayokubali kwa masharti. Inawaka taa, inajaza betri, kazi inaendelea, na kila mtu ofisini anajua namna ya kuibembeleza. Ukimwambia karani "waya huu umeharibika", anakujibu, "Hapana fundi, mzima huo, ila uukunje tu."

Niwaeleze kinachotokea mle ndani, na hapa nitakaa kidogo.

Chaja ya laptopu ina nyaya mbili, si mmoja. Wa kwanza unatoka ukutani kuingia kwenye adapta, lile boksi jeusi. Huo umebeba umeme wa nyumba, volti 230. Wa pili unatoka kwenye adapta kwenda kwenye kompyuta, na umebeba volti 19 au 20 hivi. Geuzeni adapta zenu msome: INPUT ni kinachoingia, OUTPUT ni kinachotoka. Mkikuta OUTPUT imeandikwa 19.5V na 3.34A, zidisheni namba hizo mbili mtapata wati 65. Nyaya hizi mbili zinafanana rangi, lakini hatari zake ni tofauti. Wa kwanza unaua. Wa pili ni nadra kukuua kwa mkono wako, ila unaweza kuichoma nyumba.

Nianze na wa pili, kwa kuwa ndio unaoharibika mara nyingi. Huu nilioushika niliukata kwenye chaja iliyoletwa kibandani kwangu, mwenyewe akanunua nyingine akaniachia. Nimeupasua kwa wembe kwa urefu. Haujachomekwa popote, kwa hiyo upite mkono kwa mkono, kila mtu autazame kwa karibu.

Nje kuna gamba jeusi la plastiki. Chini yake mnaona nyuzi nyembamba za shaba zimesukwa kuuzunguka waya mzima. Hiyo ndiyo njia ya umeme kurudi. Ndani ya msuko kuna ala nyeupe, na ndani ya ala ndimo lilimo fungu jingine la nyuzi za shaba, njia ya kwenda. Kwa hiyo njia hizi mbili hazikulala ubavu kwa ubavu. Moja imeizunguka nyingine, na kinachozitenganisha ni ile ala nyeupe tu, ambayo unene wake haufiki hata milimita moja.

Tazameni shingoni, pale waya unapotokea kwenye adapta. Nyuzi za msuko zimekatika, ncha zimesimama. Baadhi ya ncha zimeichoma ala. Na ile rangi ya kahawia mnayoiona si uchafu wala kutu. Ni plastiki iliyopikwa na joto. Mbele kidogo kuna ukijani. Huo ndio kutu ya shaba, na sisi tunaokaa karibu na chumvi ya bahari, Mikindani, Msimbati, Shangani, tunaufahamu. Gamba likipasuka kidogo tu, hewa ya chumvi inaingia, shaba inaanza kuliwa.

Nyuzi zikikatika nusu, zilizobaki zinabeba mzigo wa zote. Ni sawa na siku ya kupokea mzigo mmefunga mlango mkubwa wa ghala mkaacha upenyo wa mtu mmoja: wakulima ni wale wale, magunia ni yale yale, msongamano unakuwa pale mlangoni. Umeme ukisongamana unatoa joto. Na hesabu yake si ngumu. Tuseme pale palipokatika pana ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, wa nusu ohmu tu. Mkondo wa ampea 3.34 ukipita hapo, unazaliwa joto la wati 5 na nusu. Mtasema wati 5 ni taa ndogo ya chooni. Ni kweli, lakini wati hizo zimebanwa mahali padogo kuliko kucha ya kidole, zimefunikwa na plastiki, hazina pa kutokea. Plastiki ya kawaida ya nyaya imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Ikizidi hapo inalainika, inaachia, njia ya kwenda inaigusa njia ya kurudi. Na ukiukunja kunja waya ili ukubali, kila shaba inapogusana na kuachana inaruka cheche. Ile "tss" unayoisikia ukiinamisha sikio, ndiyo hiyo.

Kompyuta, kwa upande wake, haikwambii kitu. Nusu ohmu inaipunguzia chini ya volti 2, na kompyuta nyingi zinavumilia. Wewe unaona taa ya chaji inawaka, unaridhika.

Mzee wangu mmoja pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: fyuzi inafanya kazi gani basi? Na sakiti breka tumezinunua za nini? Swali zuri, na ndiko wengi wetu tunakojidanganya. Fyuzi ya kwenye plagi ya pini tatu mara nyingi ni ya ampea 13. Hiyo inakubali kupitisha karibu wati 3,000 bila kukatika. Laptopu ya wati 65 inavuta kwenye soketi chini ya nusu ampea. Waya wako unaungua kwa wati 5. Fyuzi inasubiri wati 3,000. Haitaamka. Breka ya ukutani ndiyo kabisa, imelala usingizi wa pono. Vifaa hivi vimewekwa kukata umeme nyaya zinapogusana, au mzigo unapozidi mno. Hakuna hata kimoja kati yake kinachoona waya uliokatika nusu. Anayeweza kuuona ni wewe, kwa macho, kwa pua na kwa kiganja.

Adapta nzuri ina ulinzi wake: njia mbili zikigusana inajizima, taa yake inaanza kupepesa. Ukiona taa inapepesa ukigusa waya, adapta inakulilia. Adapta bandia mara nyingi ulinzi huo haina, au inao wa jina tu.

Kuna na hili la Dell, kwa kuwa naziona nyingi kwenye ofisi za vyama. Chaja zake zina uzi wa tatu, mwembamba sana, unaoijulisha kompyuta kwamba chaja hii ni ya aina gani. Uzi huo ukikatika kompyuta inawaka, inafanya kazi, lakini betri haijai, na inaandika kwamba haiitambui chaja. Watu wanakimbilia kununua betri mpya. Mara nyingi betri haina kosa, waya ndio umeanza kufa shingoni.

Sasa isije ikaonekana fundi wa Mtwara anawatisha ili apate wateja. Agosti 2014, HP, kampuni kubwa kabisa ya kompyuta, ilitangaza kuziita zirudishwe nyaya za ukutani zipatazo milioni 6 huko Marekani na Kanada, zilizouzwa pamoja na laptopu zake kati ya Septemba 2010 na Juni 2012. Zilikuwa zinapata joto, zinayeyuka, zinaungua. Mwishoni mwa mwaka huo huo Lenovo nayo ikaita za kwake. Nyaya hizo zina alama LS-15 kwenye kichwa kinachoingia kwenye adapta. Nawatajia alama hiyo kwa sababu laptopu zetu nyingi ni za mtumba, zimetoka huko huko na nyaya zake. Ukifika nyumbani angalia. Ukiikuta LS-15, waya huo usiutumie tena hata kama unauona mzima.

Kisha mwanzoni mwa 2016, Microsoft ikaita nyaya milioni 2.25 za kompyuta zake za Surface Pro. Walikuwa wamepokea taarifa 56 za nyaya kupata joto na kutoa moto, na taarifa 5 za watu kupigwa shoti. Chanzo walichokieleza ndicho ninachotaka mkisikie: waya ukikunjwa, ukisokotwa au ukizungushwa kwa kubanwa mara kwa mara, unaharibika. Basi. Hapakuwa na panya, hapakuwa na mvua. Ni namna ya kuufunga tu.

Na sisi tunaufungaje? Kazi ikiisha karani ana haraka, bodaboda inamsubiri nje. Anaushika waya, anauzungusha kwenye adapta kwa nguvu zake zote, anaubana, anatupia begini. Kila siku shingo ile ile inakunjwa pembe ile ile. Fanya hivi: acha kwanza pete iliyolegea pale shingoni, upana wa vidole vitatu hivi, ndipo uanze kuzungusha, na uzungushe bila kukaza. Inachukua muda ule ule. Na adapta isining'inizwe kwa waya wake mezani au kwenye msumari. Uzito wake wote unaishia shingoni.

Sasa twende kwenye waya wa ukutani, ule wa volti 230.

Huu ukichubuka, hakuna cha kuusamehe. Mkondo wa milliampea 10 tu unaweza kukaza misuli ya mkono ukashindwa kuachia. Kuanzia milliampea 30 moyo uko hatarini, na ndiyo maana vile vifaa vinavyokata umeme ukivuja kwenda ardhini hupangwa kukata kwenye 30. Ngozi kavu inajitahidi kuuzuia umeme. Lakini ngozi yetu ya pwani ni kavu saa ngapi? Karani wa Februari, shati limemganda mgongoni, viatu amevivua chini ya meza, miguu iko kwenye saruji. Mwili wenye jasho unaweza kuwa na ukinzani wa ohmu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000: ampea 0.23, yaani milliampea 230. Nimewaambia moyo unaanza kuwa hatarini kwenye 30.

Waya huu katika maghala yetu una adui wake mkubwa, na kila mlinzi aliyeko hapa anamjua. Panya. Hahitaji kuula waya. Meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo lazima atafune kitu kigumu ayasage, na gamba la waya linamfaa. Waya uliopita nyuma ya magunia hakuna anayeuangalia mpaka msimu uishe. Upitisheni ukutani, juu, panapoonekana. Usipite chini ya mkeka, usipite chini ya mguu wa meza, usibanwe na mlango. Dirishani nako hapana: nimeona ofisi inapokea umeme kutoka jengo la jirani kwa waya uliobanwa na nondo za dirisha, na kila upepo ukivuma dirisha linausaga waya.

Wenye watoto nisikilizeni hapa. Waya wa ukutani unachomoka kwenye adapta. Watu wengi wanaondoka na laptopu na adapta, wanauacha waya umechomekwa kwenye soketi, swichi imewashwa, kichwa chake kinaning'inia au kimelala sakafuni. Kichwa kile chenye matundu mawili au matatu kina volti 230 ndani. Mtoto anayetambaa hana swali la kuuliza, anakiweka mdomoni. Na mdomo umelowa muda wote. Zimeni swichi, chomoeni ukutani, kila mara.

Halafu kalamu. Mmeshaanza kucheka, mnajua ninalotaka kusema. Soketi zetu ni za matundu matatu, la juu ndilo la waya wa ardhini, na ndilo linalofungua milango ya matundu mawili ya chini. Umenunua chaja ya pini mbili, milango haifunguki, basi unachukua kalamu ya Bic unaisukuma tundu la juu, pini mbili zinaingia. Kila ofisi ina kalamu ya kazi hiyo. Siku mtu akikosa kalamu akatumia msumari au bisibisi ndogo, akakosea tundu, hatutakuwa tunacheka. Na hata kwa kalamu, pini za duara zinashika vibaya kwenye tundu la pande nne. Zinalegea, zinaruka cheche, soketi inageuka nyeusi. Nunueni kigeuzi cha pini kilicho imara, au bora zaidi waya wa pini tatu.

Ile hali ya kushika laptopu ya chuma ukasikia inakuwasha vidoleni inapokuwa kwenye chaji, mara nyingi inatokana na kukosekana kwa waya wa ardhini. Mkondo mdogo sana unavuja kutoka kwenye adapta, na kwa kawaida hauna madhara. Ila usiuzoee. Maana yake ni kwamba siku ikitokea hitilafu kubwa, umeme hauna njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia kwako.

Mtu akinaswa na umeme, msimvute kwa mikono. Mtakuwa wawili. Zimeni swichi ya ukutani au swichi kuu. Ikishindikana, simameni mahali pakavu mmsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, anzeni kumbonyeza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mwingine akitafuta gari la kumkimbiza Ligula au hospitali iliyo karibu. Hata akiinuka akasema yuko salama, aende akapimwe moyo.

Nizungumzie ghala kama ghala. Mnajua wenyewe mlichonacho mle: magunia ya katani, karatasi, korosho ambayo ganda lake limejaa mafuta yanayowaka, na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, iliyobaki msimu wa kupulizia. Salfa inashika moto kirahisi, na moshi wake unakaba koo hata kabla moto haujakufikia. Plastiki ya nyaya nayo ikiungua inatoa moshi wa tindikali. Sasa fikirini adapta imewekwa juu ya mfuko wa salfa kwa kuwa ndiyo meza iliyo karibu na soketi. Sisemi kwa kubuni. Katika kuzunguka kwangu kutengeneza kompyuta nimeikuta hiyo. Nilichomoa kwanza, nikasalimia baadaye. Chaja ikae mahali pagumu na patupu, pasipo nguo, gunia wala karatasi. Usiku ghala likifungwa, chaja zichomolewe zote. Kuzima kompyuta peke yake hakutoshi. Umeme ukikatika pia chomoeni, msiusubiri urudi. Unarudi kwa kishindo.

Ukiona moshi kwenye waya, zima ukutani, chomoa, ndipo ushughulikie moto. Usimwage maji kwenye kitu ambacho bado kina umeme. Mchanga mkavu unafaa, kizimamoto cha unga kinafaa zaidi. Lakini betri ya laptopu ikianza kuvimba, kufuka au kutoa sauti, hiyo si kazi yako. Toeni watu nje, pigeni 114 kwa Zimamoto, namba haina malipo. Laptopu zinanunulika, na orodha ya wakulima tunayo nakala yake. Tunayo, siyo?

Naona kimya. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Sasa matengenezo, maana najua mtaniuliza kuhusu solotepu. Solotepu ni ya bahasha. Joto likiipata, gundi inayeyuka, inateleza. Plasta ya hospitali ni kitambaa, inanyonya jasho. Tepu nyeusi ya umeme ina kazi yake, inazuia mkono usiguse shaba, lakini haiungi nyuzi zilizokatika. Ukiizungushia tepu waya uliokatika nusu umeficha jeraha na umelifunika joto lisitoke. Wati zile 5 bado zipo, sasa zimevaa koti.

Waya wa ukutani hauungwi. Narudia kwa wale wa nyuma: hauungwi, hausokotwi, haufungwi tepu. Unauzwa peke yake dukani, wa matundu matatu madogo au wa matundu mawili, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya chaja nzima. Watu wananunua chaja nzima bandia kwa sababu hawakujua kwamba waya unachomoka na kubadilishwa. Ukinunua, hakikisha plagi ina fyuzi ndani, na mwambie fundi akuwekee ya ampea 3 badala ya 13. Kwa laptopu inatosha, na waya mwembamba unalindwa vizuri zaidi.

Waya wa kwenda kwenye kompyuta fundi anaweza kuubadilisha, lakini wote mzima, na kwa kulehemu. Akikwambia atakata kipande kibovu asokote kwa mkono, ondoka na chaja yako. Akikosea njia ya kwenda na ya kurudi anaweza kuua bodi ya kompyuta. Na adapta msiifungue nyumbani. Mle ndani kuna kapasita inayohifadhi hadi volti 325, na inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Vijana wa VETA mlioko hapa mnanielewa.

Ukinunua chaja nyingine, volti zilingane na za zamani, ampea zisipungue. Zikizidi hakuna tatizo, kompyuta inavuta inachohitaji. Ipime mkononi: ile nyepesi mno mara nyingi imepunguziwa vitu ndani. Soma maandishi yake. Herufi zilizokosewa ni dalili. Laptopu mpya zinazochaji kwa USB-C zina nafuu, kwa kuwa mara nyingi waya wote unachomoka pande mbili, na ukiwa wa aina hiyo ukiharibika unabadilisha bila kugusa adapta. Ila usitumie waya wowote wa simu. Waya wa kawaida wa ampea 3 unaishia wati 60. Laptopu inayotaka zaidi inahitaji waya wa ampea 5.

Jaribio ninalowaombeni mlifanye wiki hii, halihitaji fundi wala mita. Kwanza waya ukiwa umechomolewa, upitishe kati ya vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu, mkitafuta mahali palipolainika, palipovimba au palipokakamaa. Kisha chomekeni, fanyeni kazi nusu saa. Zimeni ukutani, chomoeni, halafu gusa adapta. Itakuwa ya moto kiasi, na hilo ni kawaida. Sasa shika waya shingoni, halafu kwenye pini inayoingia kwenye kompyuta. Waya hautakiwi kuwa wa moto kuliko adapta yenyewe. Ukikuta sehemu moja ina joto kuliko jirani zake, hapo ndipo palipokatika, hata kama gamba linang'aa.

Kuhusu nani alipe, nitasema ninavyoona na mwenyekiti ataniwia radhi. Chama kinanunua laptopu kwa kikao cha bodi, mihuri na picha za makabidhiano. Waya ukiharibika karani anaambiwa ajitegemee. Karani hana, anafunga solotepu. Halafu watu watatu wanaazimana chaja moja ofisini, kila anayeichukua anaikunja kwa mtindo wake. Kwenye bajeti ya msimu andikeni "nyaya za chaja" kama mnavyoandika kamba na sindano za magunia. Na waya uliokataliwa usitupwe jalalani ukiwa mzima. Kuna mtu atauokota aende akauunge. Ukateni karibu kabisa na plagi, pasibaki mkia, na plagi yenyewe igongwe nyundo mpaka pini zipinde isiingie tena kwenye soketi yoyote.

Mwenyekiti, naona harufu ya maandazi imefika. Waliokuja na chaja waziweke kwenye meza hii ya mbele, adapta pamoja na waya wake wa ukutani, kila moja na jina la chama. Nitazipitia kwa mita wakati mnakunywa chai, na mwenye swali aje hapa mezani aniulize waya ukiwa mkononi. Ekstensheni ya meza kuu msiichomoe, ina kipaza sauti cha mgeni rasmi. Ahsanteni sana.